Kilo Mia na Saba

Tajiri Akosu aliyapima mawe kabla hayajaingia tanuruni:
kilo mia mbili hamsini, kwa mizani yake mwenyewe,
ile yenye kutu shingoni.
Siku tatu baba aliulisha moto.
Siku ya nne akapakua, wakapima:
mia moja arobaini na tatu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari,"
alisema Akosu, akiligonga daftari lake.
"Daftari ninalo. Habari ndiyo ninayoitaka.
Kilo mia na saba za mawe yangu, Tersoo,
umemuuzia nani?"

Baba hakuwa na jibu. Alikuwa na mikono
iliyochunwa na chokaa, myeupe hadi viwikoni,
na mshahara wa mwezi uliozuiwa.

Usiku ule Gboko nzima haikuwa na umeme.
Dada yangu Mlumun, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho,
aliivuta chemli karibu na daftari.
Kalsiamu arobaini. Kaboni kumi na mbili.
Oksijeni kumi na sita, mara tatu.
Alihesabu kwa midomo, kama mshairi
anayepima mizani asije akazidisha silabi.
Mia moja kamili.
Akachora mshale, juu ya mshale akaandika: moto.
Kulia, chokaa, hamsini na sita.
Na huko pembeni, karibu na ukingo wa karatasi,
kitu cha arobaini na nne
chenye kishale kidogo kinachoelekea juu.

Akaweka kalamu chini.
"Baba, yale mawe yalikuwa na pumzi ndani."

Asubuhi mimi ndiye niliyebeba chupa:
kijiko cha chokaa kilichokorogwa majini
kikaachwa kitulie usiku kucha,
maji ya juu yakawa maangavu kama ya kunywa.
(Usithubutu, dada alinionya. Yanachoma.)

"Hewa haina uzito," alisema Akosu.
"Ingekuwa nao, ningeiuza."
Wapakiaji wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Mlumun akampa mrija wa soda.
"Puliza, mzee. Usivute."
Mapovu tu, mwanzoni. Kisha ukungu.
Kisha maziwa, na unga mweupe
ukishuka taratibu chini ya chupa.
"Hilo ni jiwe lako," dada akasema.
"Sehemu yake umeitoa kifuani mwako sasa hivi."

Akosu alikokotoa mwenyewe, ncha ya ulimi nje:
kila mia, arobaini na nne hupaa;
mia mbili hamsini, basi, mia moja na kumi.
Akainua uso. "Lakini zilizopungua ni mia na saba."

Hapo ndipo mtu mwingine angenyamaza.
Kilo tatu za ziada, upande wetu!
Mlumun akasema:
"Hizo tatu ni pumzi ambayo haijatoka.
Kama kilo saba za mawe hazikuiva."

Baba alimtazama kama mtu anavyomtazama shahidi
aliyemleta mwenyewe, kisha akashuhudia pande zote mbili.
Akachukua nyundo, akapasua bonge kubwa.
Katikati palikuwa na kiini cha kijivu,
vilevile kilivyotoka machimboni.

Mshahara ulilipwa, ukakatwa kilo saba.

Njiani baba hakusema neno mpaka kwenye kalvati.
"Siku tatu na nusu," akasema.
"Ningeuacha moto siku tatu na nusu."

Mimi nilibaki na chupa, na mrija.
Nikakaa nyuma ya nyumba nikapuliza,
nikapuliza mpaka masikio yakavuma,
na yale maziwa, pole pole,
yakawa maji maangavu tena.
Jiwe limekwenda wapi? Hakuna aliyeniambia hilo.
Nikamkimbilia dada.
"Swali la sita," akasema, bila kuinua macho.
"Nami bado niko la tano."