Mhuri Mkavu

Mhuri wangu hulala ndani ya kopo la biskuti,
pamoja na vifungo vilivyokosa shati
na ufunguo wa nyumba niliyoihama.
Mpira mdogo wa mviringo, una jina langu,
Odile Guidry, na namba ya usajili
iliyoninyima usingizi miaka sita.
Hapa Lake Charles watu hudhani kazi yangu ni mito ya makochi.
Waache wadhani.

Jumatano Wendell Prejean alikuja na michoro,
ameibana kwapani kama mkate.
Mkandarasi wa kicheko kipana, ndiye aliyenipa kazi
nilipokuwa sina hata kodi ya ofisi.
"Kachora mpwa wangu," akasema, "kijana ana mkono.
Wewe gonga tu. Ijumaa jiji linatoa kibali,
Jumatatu naingiza mafundi. Nyumba ya wazee, Odile,
vitanda thelathini na viwili. Tusiwacheleweshe wazee."
Kisha akaweka bahasha juu ya sampuli za vigae,
polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Sikuigusa bahasha. Niligusa karatasi.
Milango yote inafungukia koridoni, kila mmoja ukiimega,
na mwishoni, palipostahili mlango wa dharura,
mpwa amechora rafu ya maua.
Nikashika rula. Nikasukuma kitanda cha mgonjwa,
muuguzi mmoja, usiku, moshini.
Kilikwama mlango wa tatu.
Nikasukuma tena. Kikakwama tena.
"Mapazia haya," nikauliza, "yamepimwa kwa moto?"
"Pazia ni pazia," akacheka.

Nisijifanye malaika.
Miaka tisa iliyopita palikuwa na mjane, Eulalie Tauzin,
aliyeniamini hata akaniachia kadi yake ya benki.
Nilimchagulia zulia, nikamwambia ndilo bora,
sikumwambia kwamba duka linanirudishia
senti kumi na mbili katika kila dola.
Na zulia lilikuwa bora kweli. Hilo ndilo linaloniuma:
sikuhitaji kusema uongo,
nilihitaji kunyamaza tu.
Ankara ikapotea njia, ikafika kwake.
Hakunipigia kelele. Aliiandikia bodi kurasa mbili,
kwa hati nzuri, na mwishoni akasifu rangi za ukuta.

Meza ndefu, jagi la maji, watu watano.
Mmoja akasoma kifungu kwa sauti ya mafua:
mbunifu atamweleza mteja, kwa maandishi,
kila malipo apatayo kwa mwingine kwa sababu ya kazi yake.
Sentensi moja. Niliwahi kuijibu kwenye mtihani,
nikapata alama zote.
Nikalipa faini. Nikamrudishia mjane fedha zake,
akazipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani,
ndani nilikokupamba mimi.

"Wendell," nikasema, "mhuri hauazimwi.
Nikigonga, naapa kwamba mkono uliochora ni wangu
au ulichora chini ya jicho langu.
Na ukuta huu unaotaka kuuvunja umebeba dari;
huo si wangu hata kidogo, mtafute injinia.
Nipe mwezi mmoja, nichore upya. Nitakutoza. Risiti utapata."

"Mwezi!" Akageukia dirisha.
"Shreveport yuko mwanamke anagonga kwa nusu ya hii,
wala havai miwani kusoma."
"Nitajie jina lake."
Hakunitajia.
Akachukua bahasha. Michoro akaiacha,
sijui kwa kusahau.

Kodi ya ofisi ni tarehe tano.

Usiku nikapima mlango wa chumba cha mama,
mama ambaye sasa analalia kitanda chenye reli.
Mlango, inchi thelathini na moja.
Kitanda, thelathini na sita.
Kiliingizwa vipande vipande, nikashika bisibisi mwenyewe,
nikiimba, na sikuhesabu.
Nikaketi koridoni. Tepu ikaniponyoka,
ikajirudisha yote ndani ya kasha lake kwa kishindo,
ikanikata kidole, kidogo tu,
na mama kule ndani akauliza ni nani.