Tisini Hadi Mia na Nane

Gari lilikuja na masikio ya Kijapani:
husikia hadi tisini, basi.
Redio zetu za Arua ziko juu huko, mia na kitu,
kama rafu ya mwisho dukani
mtoto ananyoosha mkono tu.

Aliyeniuzia alibandika kidude cha kuteremsha masafa.
Kidude kikakoroma miaka miwili,
kila nikipita Ediofe kikakohoa.
Na spika za milangoni, karatasi tupu,
unyevu umezila kama nondo alavyo kitenge cha mirathi.

Fundi Andama, kule Oli, alitaka laki tatu na nusu,
"na soda," akasema, bila kucheka.
Mimi muuguzi. Nimeshamshona mtu kichwa
kwa mwanga wa simu.
Mlango wa Corona ndio utanishinda?

Jumapili, kanisa limekwisha,
nauvua mlango ngozi yake. Klipu kumi na moja:
tisa zinatoka kwa adabu,
mbili zinavunjika kwa mlio wa mfupa
nami nasema pole,
mazoea ya kazi.

Ndani: kutu, utando wa buibui,
vumbi jekundu la njia ya Vurra,
na kibanio cha nywele cha mtoto, kina sungura.
Nani alikililia, katika mji gani wa theluji?
Nakiweka juu ya dashibodi. Akae mbele.

Sasa waya. Njano ni kumbukumbu, haitengani na betri.
Nyekundu huamka na ufunguo.
Nyeusi ni ardhi, na ardhi sharti ikwanguliwe rangi
mpaka chuma kicheke.
Nalehemu nimebana pumzi.
Letaru, juu ya ukuta, anauliza kama mume wangu anajua.
Gari ni langu, namjibu, na mume ni wangu,
na wote wawili leo wamepumzika.

Saa kumi nawasha.
Sauti inatoka nyembamba, haina tumbo.
Spika ya kushoto inasukuma hewa, ya kulia inaivuta,
kama wanandoa wanaotandika kitanda kimoja
kila mtu na upande wake wa shuka.
Nimechanganya chanya na hasi.
Nafungua tena. Klipu ya tatu inakwenda.
Namtukana Mjapani ambaye hajanikosea kitu.

Halafu, besi.
Haiingii masikioni, inaingia nyayoni,
inapanda goti, inauliza kama kuna mtu.
Sungura anatetemeka juu ya dashibodi.

Nilidhani nitasikiliza muziki.
Lakini ilikuwa saa ya matangazo ya vifo.
Miaka miwili nimesikia "…wa Terego… mazishi… wote…"
katikati ya mkoromo, nikabadili gia, nikaenda zangu.
Leo namsikia mtangazaji akimeza mate kabla ya jina.
Nasikia karatasi ikigeuzwa.
Ayikoru, binti wa Drati, miaka minne,
mazishi kesho saa nane, Adumi;
wajulishwe wajomba walioko Koboko,
walioko Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
na shangazi yake, popote alipo.

Popote alipo.
Maneno mawili hayo
hayakuwahi kunifikia.

Nazima.
Letaru anapaza sauti: mbona umenyamazisha,
si imekubali?
Imekubali, nasema.
Nakifuta kibanio vumbi kwa ncha ya kitenge,
nakirudisha pale pale.

Mlango wa kulia bado unalialia mahali fulani,
nitautilia kipande cha sponji.
Na kiganjani imebaki skrubu moja.
Nimelizunguka gari mara tatu;
sioni tundu linaloidai.