Rangi ya Mkebe

Mwezi wa nne. Barafu imeachia ukingo wa ziwa,
barabara za Eveleth zinatapika chumvi
zilizolishwa tangu Novemba,
na bampa la pikapu yangu limetoka ndui.

Wendell wa gereji alilizunguka mara moja,
mikono mfukoni, akataja bei:
dola mia sita na hamsini, kazi siku tatu.
Nikamshukuru kwa upole wa mtu asiyenacho.
Nilikuwa na arobaini na tatu,
na mgodi umefuta zamu ya usiku.

Basi: msasa wa mia na themanini,
msasa wa mia nne, laini kama ulimi wa paka,
mkebe wa rangi ya msingi, mkebe wa nyeusi,
utepe wa karatasi. Chenji, senti sitini na moja.
Magazeti ya kufunikia taa alinipa Aili, jirani.
"Kurasa za vifo niachie," akasema,
"bado sijawamaliza."

Kwanza sabuni ya vyombo na maji moto.
Kisha nikapiga magoti kwenye kokoto
kama mtu aliyekuja kuungama,
ila aliyeungama ni bampa.

Mkwaruzo huu mrefu ni sanduku la barua la Aili,
Januari, nikirudi nyuma bila kutazama.
(Alijua. Hakusema. Kadi yangu ya Pasaka
aliileta kwa mkono, hadi mlangoni.)
Hili bonde ni mnyororo, usiku wa kuwavuta
akina Harju kutoka mtaroni,
mke amekwisha shikwa na uchungu,
mume akinielekeza kwa tochi isiyowaka.
Na hizi tatu, sambamba kama kucha,
ni binti yangu Kaisa akijifunza kuegesha
nyuma ya duka la vyakula,
mwaka mmoja kabla ya kuhamia Tucson
kusikomwagwa chumvi.

Kwenye hizo tatu nilisita.
Kisha nikasugua.

Mficha kutu, rangi humuumbua,
kwa hiyo nilisugua hadi chuma kikacheka.
Ndipo chini ya nyeusi nikakuta ya fedha,
na chini ya fedha, nyeusi nyingine,
ya brashi, yenye michirizi,
na ndani yake unywele mmoja wa brashi
umelala miaka, umenyooka.

Nani wewe?
Aliyeinunua mpya hakupaka hivi.
Ulikuwa wa pili, labda wa tatu,
nawe ulizimwaga senti juu ya kaunta
ukazihesabu kwa kidole,
nawe uliambiwa mia ngapi sijui.
Nikakuamkia kwa gumba, palepale,
nisijue hata kama u hai.

Baridi haikutaka kuondoka. Mkebe nikauogesha
katika ndoo ya maji vuguvugu kama kichanga,
nikautikisa, gololi ikigonga ndani, ka, ka, ka.
Tabaka la kwanza jembamba, halisitiri hata aibu.
Nikangoja robo saa.
La pili likakaa.
La tatu nikaliingiza tamaa, likalia:
chozi moja jeusi, kona ya kushoto.

Aili akatoka na kahawa, akakunja uso.
"Nyeusi hii na nyeusi ya gari hazijuani."
Kweli. Moja ni ya usiku, moja ya sufuria.
Akarudi hatua kumi, kumi na mbili,
hadi penye sanduku lake la barua, lililopinda,
akaliegemea.
"Kutoka hapa," akasema, "ni zuri."
Akanywa. "Na huo mkebe, umeisha?"

Nikautikisa. Gololi ikanisaliti.

Rangi ilitosha nguzo yake,
upande unaotazama barabara tu.
Nyuma mti umebaki na kijivu chake,
naye hapiti nyuma.

Niliporudi, nzi mdogo alikuwa ametua
katikati ya bampa, ameganda, mabawa wazi.
Nilichukua kibanio. Nikakirudisha.
Akae.
Siku moja mtu mwenye msasa na dola chache
atapiga magoti hapa, atamfikia,
na atauliza ni nani.