Senti Kumi Yenye Tundu

Bosi, niliuliza swali moja tu:
chini ya mwaka kuna herufi ndogo, au hakuna?
Ukajibu: Ni ya zamani sana.
Nikauliza tena.
Ukajibu: Mzigo wa uhakika, wahi.

Picha yako, nadhani ulipiga kwa mwanga wa kibatari,
senti imelala juu ya goti la suruali ya jinzi,
ukungu mtupu. Tundu peke yake lilionekana vizuri.

Miaka ishirini na sita nilihesabu nati na misumari ya reli,
stoo ya Tororo, daftari mbili, kalamu nyuma ya sikio.
Kilichopungua nilijua kimepungulia wapi.
Sasa nimestaafu, nahesabu hizi,
senti kumi za shaba, kila moja na kitovu chake wazi,
zimepangwa kwa miaka ndani ya albamu,
na pengo moja, thelathini na sita,
mwaka wa mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvikwa taji.
Jina lake likabaki mifukoni mwetu, likinunua chumvi.

Mnada ulifungwa saa nne usiku.
Nilianza na elfu ishirini.
Akaja mtu, Chui wa Nile, akasema ishirini na tano.
Nikapanda, akapanda.
Nyafwono amelala; nimejifunika blanketi pamoja na simu,
umeme umekatika mtaa mzima, chaji imebaki asilimia sita,
kidole kinatetemeka kama cha mwizi.
Elfu themanini na tano. Chui akanyamaza.
Nikashinda, ila sikujua nimemshinda nani.

Baadaye nilijua. Nilisoma maneno yenu taratibu,
kama hati ya mapokezi:
wewe huandika kabisaa, kwa a mbili,
na Chui naye, kabisaa, kwa a mbili.

Ukasema tuma na ya kutolea. Nikatuma.
Ukasema ya bahasha. Nikatuma.
Ukasema ya kondakta wa basi la Arua,
maana bila chai mizigo husahaulika Karuma.
Kisha simu yako haikupatikana siku kumi na moja,
nami kila asubuhi niko ofisi ya mabasi, mzigo wa Ochwo, mzigo wa Ochwo,
hadi kijana wa pale akaanza kuniita Mzee Mzigo.

Ilikuja imefungwa kwa ukurasa wa hesabu za mtoto
(saba mara nane, hamsini na nne; mwalimu hakusahihisha).
Inang'aa.
Bosi, inang'aa kama kijiko cha harusi!
Miaka zaidi ya themanini iliivika rangi ya kahawa iliyokolea,
jasho, tumbaku, fundo la pindo la leso,
wewe ukaivua kwa ndimu na majivu
halafu ukaniandikia: Nimekusafishia bure.
Nikaweka kioo cha kukuzia.
Palipokuwa na herufi, kama ilikuwepo, pamelainika.

Sikutaka kukutukana. Maneno yangu ya kawaida
yakikasirika hayana adabu. Nikakutumia haya:

    Mnunuzi msumbufu, ndivyo waniita sasa,
    Picha yako ni hafifu, majibu yako mkasa,
    Kutu yangu takatifu, umeikwangua hasa,
    Nirudishie sarafu, yenye uchafu kabisa.

Ukajibu kwa kidole gumba.
Kisha: Usisahau nyota tano.

Sikuiweka albamuni.
Nyafwono aliikuta mezani, akaipima kwa jicho, akaenda kuleta bisibisi.
Kishikio cha kifuniko cha sufuria kubwa kilikuwa kimelegea.
Akaivisha kwenye skurubu, upande wa ndani, akakaza.
Kifuniko kikaacha kucheza.

Tangu Machi inapigwa mvuke wa maharagwe.
Jana niliona ukingoni, upande wa jina la mfalme,
doa la kahawa, dogo kuliko punje ya uwele.
Sijamwambia.
Nyota zako bado ninazo.
Ananishangaa tu, siku hizi nafunua sufuria
mara nyingi kuliko mwenye njaa.