Rangi Mbichi

Kipupwe kile Kutaisi haikuwa na umeme.
Baba, Jumberi, aliyechora mabango ya kiwanda
mpaka kiwanda kikafungwa, akaweka mezani
komamanga moja lililopasuka ubavuni,
peasi mbili, komshi la njano lenye vinyweleo
kama shavu la mtoto aliyeamka sasa hivi,
na kichala cha zabibu nyeusi
alichopewa na Shukri wa ghorofa ya chini,
kilichoning'inia darini tangu mavuno.

"Asiguse mtu," akasema. "Mpaka nimalize."

Utamaliza lini? mama akauliza.
Baba akatazama dirisha. Mwanga wa kufaa
ulifika saa nne asubuhi, ukaondoka saa nane,
kama karani wa serikali.

Na rangi ya mafuta haijui njaa.
Unapaka, unangoja, unapaka juu yake,
iliyokonda kwanza, iliyonona baadaye,
ukikosea mpangilio picha hupasuka.
Mafuta yenyewe aliyakamua kwenye jozi
alizozitaka mama kwa mchuzi.
Waligombana kwa sauti ya chini,
sauti ya watu wanaolala chumba kimoja na watoto wao.
Nusu ya jozi zikaenda kinuni. Nusu zikawa rangi.

Mimi na Tsiuri kitandani, blanketi hadi puani,
tuliona upande wa pili wa matunda,
upande ambao gunia la unga, lililowambwa na kupakwa gundi,
halikuonyeshwa:
peasi inageuka kahawia,
doa kama sarafu, kisha doa kama kisosi.
Kwa baba ilikuwa dhahabu bado.
Mvumilivu hula mbivu.
Hatukuambiwa kwamba mbivu yenyewe haivumilii.

Usiku harufu ya komshi ilishuka mezani,
ikapanda kitandani, ikalala katikati yetu.

Usiku wa sita nilinyata,
soksi juu ya soksi,
nikachuma zabibu moja, upande wa nyuma.
Kokwa nikazimeza, zisije zikatoa ushahidi.
Kesho yake mbili. Kisha sikuhesabu.
Kisha upande wa nyuma ukaisha.

Asubuhi mama alimpiga Tsiuri kofi,
maana ndiye aliyekutwa na ulimi wa zambarau.
Alikula tatu. Alilia kwa zote.
Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu,
nikazifunga muda mrefu sana.

Baba hakusema neno.
Alisimama mbele ya kichala, akapangusa brashi,
akakoroga kijivu cha ukuta
na kufunika, moja moja, zabibu ambazo hazikuwepo tena.
Kikonyo kilichobaki uchi akakichora
kwa uangalifu ambao komamanga halikuupata.
Kesho yake tena. Na kesho yake.

Alipomaliza, mama alikata ubovu wa peasi,
akachemsha zilizosalia pamoja na komshi, bila sukari.
Tulikula kimya. Picha haikupata mnunuzi.

Sasa iko Thesaloniki, jikoni kwa Tsiuri,
anakouguza wazee wa watu.
Juzi nilikuwa pale jioni, jua linaingia kwa ubavu,
likilamba picha kutoka pembeni,
na chini ya kijivu nikaona vijipu,
mviringo, mviringo, kama upele uliopona.
Nikapitisha kidole. Kumi na tisa.

"Tatu zangu," akasema Tsiuri,
akiwa amenipa mgongo, anamenya viazi.

Nikasema najua.

Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki.
"Toa kidole," akasema. "Utaiharibu."
Ina miaka thelathini, nikamwambia, imeshakauka.
"Nani kakwambia?"