Dreva wa Tatu

Gerezani, juu ya duka la betri,
nimefungua kompyuta ya baba kwa bisibisi ya cherehani.
Kadi mpya ni ndogo kama ukucha;
kanda zake, sanduku zima, ingezimeza
na bado ingedai njaa.

Programu ya kuiongoza, mafundi huiita dreva.
Dreva wa kwanza hakuijua njia.
Wa pili alimwaga herufi kama mchele nje ya ungo.
Umeme ukakatika. Ukarudi.
Wa tatu, saa nane usiku,
kioo kikapepesa, kikaandika:

TAYARI.

Nikahamisha faili moja, la mwaka themanini na sita.
Wadaiwa: Msangi, sukari kilo mbili.
Mama Tabu, mafuta ya taa.
Mwisho kabisa, jina langu,
na mbele yake
hakuandika kiasi.