Wembe Tayari

Mselemu, mashine hii niliinunua Mwembe Tayari
kwa muuza vikuukuu aliyetandaza gunia lake,
kufuli zisizo funguo, miwani ya watu waliokufa.
Nikamtania: Mwembe Tayari, mbona wembe hauko tayari?
Hakucheka. Wembe dukani, akasema. Hiyo mia mbili na hamsini.

Ni chuma kitupu. Ipime mkononi.
Uzito wake ndio fundi, wewe ni wa kushikilia tu,
lakini mimi hakuna aliyeniambia.
Niliikandamiza shingoni kama anayebandua ukoko wa pilau,
na asubuhi nikenda zangu lango la bandari
shingo imeiva kama achari ya ndimu.
Kola ya sare ilikuwa na wanga.
Kufika saa nne, jasho na wanga vimeshikana,
kila nikigeuka kutazama lori
ni kama nachunwa.
Msimamizi akauliza, paka huyo wa nani?

Wewe kesho unaanza kaunta ya benki
na wale hutaka kidevu kama sahani.
Basi keti.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji:
miaka yote nilidhani ni fumbo.
Si fumbo. Tia maji.
Ila si ya kisima chetu, yale wayajua,
sabuni inakataa povu, chai hunywi mara mbili,
na chumvi yake hungoja ngozi ifunguke.
Chota kwenye mtungi alioleta Mwangeka na mkokoteni wake,
kikombe kimoja, mamako asikuone.
Akikuona, sema nimekutuma mimi.
Yapashe, loweka taulo, jifunike uso
mpaka jirani amalize kugombana na redio.
Nywele zilegee kama tambi.

Hiyo sabuni ya mche irudishe kwenye nguo.
Chukua hii, zungusha brashi, usichoke mapema;
povu la haraka ni tui la mwisho, maji matupu.
Tunataka kasimile.

Sasa pitisha vidole, ujue zimelalia wapi.
Zako, si zangu.
Zangu chini ya koo hugeuka ghafla
kama mkondo pale kivukoni Likoni,
na nilikaa miaka sita nikipigana nao.
Fuata zilivyolala. Kidogo, suuza, kidogo tena.
Shika mpini kwa ncha za vidole,
kama kitumbua kilichotoka jikoni sasa hivi,
na tega sikio: ikikwaruza, umeisimamisha mno,
ikinyamaza, umeilaza mno.
Iliyo sawa ina sauti ya nazi
inayokunwa nyumba ya pili.

Pakibaki pakavu, paache.
Ukitaka kuparudia, paka povu upya.
Kidevu kama sahani si lazima kiwe sahani ya kaure.

Watakwambia wembe ni ule ule.
Waongo hao. Baada ya mara ya tano si ule tena,
unang'oa, haukati. Utie kwenye kopo lile nililolitoboa,
usiutupe jaani, kuna watoto na mbuzi.

Maji baridi. Kisha shabu, hilo jiwe jeupe.
Lipitishe polepole, halitasema chochote
ila pale ulipokosea.
Hapo? Na hapo.
Mimi lilinipigia kelele shingo nzima.

Ulipokuwa na miaka minne uliililia mashine hii.
Mtoto akililia wembe mpe, bibi yako akasema,
na mamako akanitazama jicho ambalo sijalisahau.
Nikakupa, lakini nimeutoa wembe ndani.
Ukasimama juu ya ndoo kando yangu, povu mpaka masikioni,
ukajinyoa shavu zima kwa utaratibu mkubwa,
kisha ukaangua kilio.
Si kwamba umekatwa. Kwamba hakuna kilichotoka.

Haya, shika.
Leo umo ndani.
Usikandamize.